Nani Alilipia Gari la Bubba Wallace?

Jumamosi ya tarehe 10 Juni 2017, kwenye uwanja wa Pocono, Pennsylvania, kijana wa miaka 23 aliendesha gari namba 6 la timu ya Roush Fenway kwa mara ya mwisho. Alikuwa wa nne kwenye msimamo wa daraja la pili la NASCAR, mbio maarufu za magari za Marekani. Hakugombana na bosi, hakuumia, wala hakuwa amechoka na kazi. Timu iliishiwa na fedha za mdhamini, ikaamua kuliegesha gari. Kesho yake, Jumapili, kwenye uwanja uleule, kijana yuleyule akaingia ndani ya gari namba 43 la timu ya Richard Petty, bingwa wa zamani, na kuanza shindano lake la kwanza la daraja la juu kabisa.

Kwenye cheti cha kuzaliwa anaitwa William Darrell Wallace Jr. Kwa wapenzi wa mbio ni Bubba. Ukitaja jina hilo leo mabishano huanza papo hapo, na karibu wote wanaobishana huanzia mwaka 2020, mwaka wa bendera na kitanzi cha Talladega, mambo nitakayoyafikia mwishoni. Upande mmoja utakwambia ni shujaa aliyezuiliwa, upande wa pili utakwambia ni dereva wa kawaida aliyebebwa na rangi yake. Mimi nadhani wote wanaanzia mbali mno. Ukirudi nyuma hadi miaka yake ya mwanzo, toka alipokuwa mtoto wa darasa la tatu au la nne hadi siku ile ya Pocono, utaona kwamba rekodi ya dereva chipukizi ni orodha ya vitu viwili vilivyofungwa pamoja: alichokifanya yeye, na nani alikuwa analipa. Wanaomhukumu wengi wamesoma orodha ya kwanza tu.

Kwa msomaji ambaye mbio za magari kwake ni Safari Rally, NASCAR ni mchezo mwingine kabisa. Hakuna msoma ramani pembeni ya dereva, hakuna twiga wanaokatiza njia. Ni magari karibu 40 yenye bodi za kufanana na Toyota, Ford na Chevrolet za barabarani, yanazunguka uwanja wenye umbo la yai yakiwa yamebanana, mara mia mbili, mara mia tatu, kule Martinsville hata mara mia tano. Ngazi yake iko hivi: chini kabisa kuna viwanja vidogo vya mitaani, juu yake mashindano ya kanda, kisha mbio za pikapu, kisha daraja la pili ambalo enzi hizo liliitwa Xfinity, na kileleni Kombe lenyewe. Kila ukipanda kidato, bei inapanda mara kadhaa. Msimu mzima wa Kombe unagharimu mamilioni ya dola kwa gari moja, na sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka kwa kampuni inayonunua nafasi ya kuandika jina lake kwenye boneti. Boneti ikikaa tupu, gari halitembei, hata kama dereva wake ni malaika.

Wallace alizaliwa Mobile, Alabama, tarehe 8 Oktoba 1993, akakulia Concord, North Carolina. Concord ni mahali pazuri mno pa kukulia ukitaka kazi hii. Uwanja mkubwa wa Charlotte uko pale, na karakana za timu nyingi za Kombe zimetapakaa katika wilaya zinazouzunguka. Baba yake, mzungu, alikuwa na kampuni ya usafi wa viwandani. Mama yake, mweusi, alikuwa mkimbiaji wa riadha chuoni Tennessee kabla ya kuwa ofisa wa ustawi wa jamii. Mbio ziliingia nyumbani kwa njia ya pikipiki: mtu aliyekuwa akimtengenezea baba pikipiki yake ndiye aliyewaalika familia kwenda kutazama mashindano ya watoto. Mtoto alikuwa na miaka tisa.

Kigari walichomnunulia ni cha aina inayoitwa Bandolero: fremu ya mabomba, bodi ya kufunika, injini ndogo ya nguvu farasi zipatazo 30. Mwaka 2005, akiwa hajatimiza miaka 12, alishinda mashindano 35 kati ya 48 ya Bandolero. Takwimu hii hutajwa kila mahali kama ushahidi wa kipaji, na ni ushahidi kweli. Ila hebu itazame namba 48. Mtoto hajiendeshi kwenda kwenye mashindano 48 kwa mwaka. Kuna mtu anayevuta trela Ijumaa jioni, anayenunua matairi, anayelipa ada ya kuingia na chumba cha kulala, anayefunga na kufungua injini usiku wa manane. Wazazi wake walibeba mzigo huo, na walikuwa na uwezo wa kuubeba kwa kiasi fulani. Ni wazi kwamba watoto wengine wenye mikono mizuri kama yake, Alabama na kwingineko, hawakupata hata shindano moja kati ya hayo 48.

Akiwa na miaka 14, mwaka 2008, alishinda mbio za Late Model kwenye uwanja wa Franklin County, Virginia. Late Model si vigari vya watoto tena. Ni magari makubwa, mazito, yanayoendeshwa na watu wazima ambao Jumatatu wanarudi kwenye kazi zao za ufundi na ujenzi, na hawapendi kupitwa na mtoto ambaye hana leseni ya kuendesha barabarani. Hapo ndipo mfuko wa familia huanza kuona kisogo cha ndoto. Kutoka hapo kwenda juu, kampuni ya usafi haitoshi.

Kilichomvusha ni mpango wa NASCAR wa kuwatafuta madereva wanawake na wa jamii zisizo za kizungu, unaoitwa Drive for Diversity, ulioanza mwaka 2004. Kufikia 2009 mpango huo ulikuwa umewekwa chini ya timu moja, Rev Racing ya Max Siegel, badala ya kuwatawanya vijana kwenye timu ndogondogo zisizo na magari ya maana. Mabadiliko hayo ni muhimu kuliko yanavyotajwa. Kwa mara ya kwanza kijana aliyechaguliwa alipata gari lililotengenezwa vizuri, mafundi wanaomjua, na msimu mzima uliolipiwa. Wallace aliingia 2010, mashindano ya kanda ya mashariki. Shindano lake la kwanza kabisa, kwenye uwanja wa Greenville-Pickens, South Carolina, akashinda. Alikuwa na miaka 16. Mwisho wa mwaka akachukua tuzo ya chipukizi bora wa mashindano hayo. Mwaka uliofuata akamaliza msimu katika nafasi ya pili.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanaomponda hupenda kusema mpango ule ulimbeba. Mpango ulimpa gari. Kushinda siku ya kwanza hakukuwemo kwenye mkataba.

Udhaifu wake uko kwingine, na ndio nauona kuwa kiini cha hadithi nzima. Mpango uliishia kwenye kanda. Ulijua kumtoa kijana uani na kumleta hadi mlangoni, lakini mlango wenyewe ulifunguliwa kwa funguo za watu wengine. Mwaka 2012 timu ya Joe Gibbs ilimpa mashindano manne tu ya daraja la pili. Katika hayo manne alimaliza ndani ya kumi bora mara tatu, na huko Dover alianza mbele ya wote kwa kuwa na muda bora wa mchujo. Kijana wa miaka 18 mwenye matokeo kama hayo, unategemea kumwona mwaka unaofuata akiwa na msimu mzima wa daraja hilo. Mwaka uliofuata alipelekwa kwenye pikapu.

Alizitumia vizuri pikapu, pengine kuliko kitu chochote katika maisha yake ya mwanzo. Timu ilikuwa ya Kyle Busch, mmoja wa madereva wa Gibbs, Toyota nzuri, namba 54. Tarehe 26 Oktoba 2013 alishinda Martinsville. Uwanja ule ni mdogo, zaidi kidogo ya nusu maili, kona zake zimekunjwa kama pini ya nywele na karibu hazina mwinuko. Hapo breki hupikwa hadi diski zinang'aa nyekundu, na mtu hashindi bila kugongwagongwa kwenye bampa. Mshindi wa Martinsville hupewa saa kubwa ya mbao ya kusimama, zile zenye pendulamu. Wallace alikuwa dereva wa kwanza mweusi kushinda shindano la daraja lolote la kitaifa la NASCAR tangu tarehe 1 Desemba 1963.

Tarehe hiyo ya 1963 ni ya Wendell Scott, na haiwezekani kuzungumzia mwanzo wa Wallace bila yeye. Scott alikuwa fundi na dereva wa teksi wa Danville, Virginia, mji ulio mwendo wa chini ya saa moja kutoka Martinsville. Aliwahi kutengeneza magari ya jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na aliporudi akawa pia anasafirisha pombe ya magendo usiku, kazi iliyowafundisha wengi wa kizazi kile kukimbiza gari kuliko polisi. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka dereva mweusi ili kuvutia watazamaji, wakawaendea polisi kuuliza ni nani mweusi mwenye faini nyingi za mwendo kasi. Jina la Scott likatoka. Huo ndio ukawa mwanzo wa kazi yake. Baadaye alipopeleka gari lake kwenye mashindano ya NASCAR huko Winston-Salem alizuiwa. Siku chache baadaye, huko High Point, alielezwa kwamba gari lingeweza kushiriki, mradi tu mtu mweupe aliendeshe. Leseni aliipata tu baada ya ofisa mmoja wa Richmond kumwandikia kwa utashi wake. Daraja la juu aliingia 1961, akiwa na karibu miaka 40, na magari yake yalikuwa yale ambayo wengine wamekwisha kuyatumia. Mafundi wake walikuwa wanawe.

Jacksonville, 1963, alimpita kila mtu, lakini bendera ya mwisho akapewa Buck Baker, na sherehe akafanyiwa Baker. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wameshaondoka, waandaaji wakakubali kwamba Scott alikuwa ameshinda kwa mizunguko miwili. Kombe halisi hakulipata kamwe. Familia yake ilikabidhiwa kombe Agosti 2021, miaka 30 na ushei baada ya yeye kufariki. Scott alianza mashindano 495 ya daraja la juu na kushinda hilo moja. Mtu anayetaka kujua kama alikuwa dereva mzuri hatapata jibu kwenye ile namba moja. Ataona alimaliza ndani ya kumi bora mara 147 kwa magari ya mitumba, kisha ajiulize huyo angefanya nini na gari jipya lenye kampuni nyuma yake. Mkono mtupu haulambwi, na Scott alikimbia maisha yake yote akiwa na mkono mtupu.

Basi Wallace alipokwenda Martinsville mwaka 2014, timu ilibadilisha namba ya pikapu yake kuwa 34, namba ya Scott, ambaye alikuwa ameshachaguliwa kuingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa NASCAR. Akashinda tena. Mwaka huo alishinda mara nne. Ushindi ninaoupenda zaidi ni wa Julai, huko Eldora, Ohio, kwenye udongo. Wallace alikulia kwenye lami. Nyuma yake alikuwa Kyle Larson, kijana wa California aliyelelewa kwenye udongo, mmoja wa madereva wazuri zaidi wa uso huo Marekani nzima. Larson alimwandama akilala ukutani kila kona, akitafuta kasi ya ziada juu kabisa, mpaka pikapu yake ikaharibika. Wallace hakuyumba. Kama kuna siku ya kumpima bila kisingizio cha gari, hiyo ni mojawapo, maana kwenye udongo nguvu ya injini si kitu kikubwa sana. Mikono na kichwa ndiyo hufanya kazi.

Alimaliza msimu wa 2014 wa tatu kwa jumla. Ushindi mara tano katika misimu miwili ya pikapu, umri miaka 21. Joe Gibbs Racing hawakuwa na mdhamini wa kumpandisha daraja la pili, na yeye akaomba kuachiwa mkataba.

Tazama sasa nani alipanda. Msimu wa 2015, gari namba 18 la Gibbs katika daraja la pili lilikuwa na Daniel Suárez, kijana wa Monterrey, Mexico, naye pia mhitimu wa Drive for Diversity. Kwenye boneti yake kulikuwa na kampuni ya Arris. Suárez alikuwa hajashinda hata shindano moja la pikapu wakati huo. Simpunguzii heshima: mwaka 2016 alichukua ubingwa wa daraja la pili, na mwaka 2022 akawa Mmexico wa kwanza kushinda shindano la Kombe. Alistahili kila kitu alichokifanya ndani ya gari lile. Ninachosema ni kwamba vijana wawili walitoka kwenye mpango uleule, mmoja alikuwa na ushindi mara tano na boneti tupu, mwingine alikuwa na mdhamini. Timu ilichagua kama biashara yoyote inavyochagua. Miaka miwili baadaye Carl Edwards, dereva wa Kombe wa Gibbs, alipostaafu ghafla Januari 2017, kiti chake cha Kombe kikaenda kwa Suárez, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo nyumbani. Bahati ya namna hiyo humwangukia aliyesimama karibu, na ukaribu hulipiwa.

Larson naye alipitia mpango huohuo. Yeye alichukuliwa na timu ya Chip Ganassi, akapewa gari jekundu la Target.

Wallace alikwenda Roush Fenway, na hapa lazima niwape wakosoaji haki yao. Katika misimu miwili na nusu ya daraja la pili hakushinda hata mara moja. Na mwenzake kwenye timu hiyohiyo, Chris Buescher, alikuwa bingwa wa mwaka 2015. Huwezi kusema magari ya Roush yalikuwa makopo halafu ukaruka jina la Buescher. Wallace mwaka huo alikuwa wa saba. Alikuwa mgeni kwenye daraja na Buescher alikuwa mzoefu, hiyo ni sehemu ya maelezo, lakini si yote. Kuna kitu Wallace alikuwa bado hajakijua, hasa kwenye viwanja vikubwa vya maili moja na nusu ambako gari hubadilika tabia kadiri jua linavyozama na lami inavyopoa, na dereva lazima awaambie mafundi kwa maneno sahihi kinachotokea kwenye tairi gani. Buescher alikuwa na maneno hayo. Pia ni kweli kwamba daraja lile lilitawaliwa na magari ya Gibbs. Mwaka 2016 Kyle Busch peke yake alishinda mara kumi. Roush mwaka huo walikuwa wanarudi nyuma. Ukiyaweka pamoja unapata dereva mzuri ambaye hakuwa mzuri kiasi cha kuiokoa timu inayozama. Madereva wa kiasi hicho ni wengi, na wengi wao waliendelea kuwa na kazi.

Yeye hakuendelea. Boneti ya namba 6 ilikuwa inakaa tupu, au na nembo za Roush wenyewe, ambayo kwa lugha ya karakana ni sawa na tupu. Ndipo tukafika Pocono.

Kiti cha namba 43 kilipatikana kwa sababu dereva wake wa kudumu, Aric Almirola, alivunjika mfupa wa uti wa mgongo Kansas mwezi Mei. Wallace alipewa mashindano manne. La kwanza lilikuwa fujo, aliadhibiwa kwa kuzidisha mwendo kwenye njia ya kuingilia kwa mafundi, akamaliza wa 26. Michigan akawa wa 19. Daytona wa 15. Kentucky wa 11. Sijui mtihani gani mwingine mtu angemtungia. Kila wiki gari lilelile, timu ileile, viwanja tofauti, na kila wiki anapanda. Halafu Almirola akapona, na Wallace akarudi nyumbani. Agosti mtu akampa pikapu ya timu ndogo, MDM, kwa shindano moja la Michigan. Akashinda. Kijana asiye na kazi alishinda shindano la kitaifa, kisha Jumatatu bado hakuwa na kazi.

Msimu wa 2018 akawa dereva wa kudumu wa Petty, mweusi wa kwanza kuwa na msimu mzima wa Kombe tangu Scott mwanzoni mwa miaka ya 1970. Magazeti yaliimba. Machache yalieleza kwa nini kiti kilikuwa wazi: Almirola aliondoka kwenda Stewart-Haas, na mdhamini mkubwa wa gari lile, kampuni ya nyama ya Smithfield, akaondoka naye. Wallace alirithi namba maarufu kuliko zote katika mchezo huo, ila fedha zake zilikuwa zimehamia karakana nyingine.

Halafu ikaja Daytona 500, Februari 18, 2018, na mzunguko wake wa mwisho ambao ningependa kila mtu anayebisha kuhusu Wallace autazame tena taratibu. Anayeongoza ni Almirola, ndani ya gari la Stewart-Haas lililolipiwa na Smithfield. Nyuma yake ni Austin Dillon, gari namba 3, mali ya Richard Childress, babu yake mzaa mama. Nyuma ya Dillon ni Wallace, akimsukuma, maana Daytona magari huenda kasi zaidi yakisukumana mkia kwa pua. Kwenye kona ya tatu Dillon anamgusa Almirola, Almirola anakwenda ukutani, Dillon anapita na kushinda. Wallace anamaliza wa pili, akimzidi Denny Hamlin kwa kiasi kidogo mno. Matokeo bora zaidi ya dereva mweusi katika shindano hilo kabla ya siku ile yalikuwa nafasi ya 13 ya Wendell Scott, mwaka 1966. Kwenye mkutano na waandishi mama yake alimkumbatia, na dereva akalia mbele ya kamera bila kujificha.

Mdhamini, ukoo, na mtu anayesukuma: magari matatu kwenye mstari mmoja. Dillon ni dereva hodari, aliwahi kuwa bingwa wa pikapu na wa daraja la pili. Lakini hakuna aliyewahi kuandika kwamba alibebwa na mpango maalumu, ingawa kuwa na babu mwenye timu ya Kombe ni mpango maalumu kuliko wote. Paul Menard alikimbia miaka mingi na jina la maduka ya baba yake kwenye boneti, akashinda Indianapolis 2011, na watu walipiga makofi. Familia ni njia halali ya kuingia kwenye mchezo huu, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na watu wanaoiona njia hiyo kuwa ya kawaida, na njia ya Wallace kuwa upendeleo.

Msimu uliobaki baada ya Daytona ulikuwa mgumu. Alimaliza wa 28 kwa jumla, na 2019 wa 28 tena. Mei 2019 alisema hadharani kwamba anapambana na msongo mkubwa wa mawazo, jambo ambalo madereva hawakuwa na desturi ya kulisema. Septemba mwaka huo akamaliza wa tatu Indianapolis ndani ya gari ambalo wiki nyingi lilikuwa linatafuta mtu wa kulilipia.

Wapo watakaosema fedha humbana kila mtu, mweupe na mweusi. Ni kweli. Matt Kenseth, bingwa wa 2003, alipoteza kiti chake kwa Gibbs mwishoni mwa 2017 kwa kijana mwenye bei nafuu. Wala sidai kwamba kila kampuni iliyomkataa Wallace ilimkataa kwa rangi; sina ushahidi wa hilo, na nadhani nyingi zilitazama tu takwimu za watazamaji zilizokuwa zinashuka zikaamua kupeleka fedha kwingine. Lakini udhamini wa NASCAR kwa muda mrefu umepatikana kwa kujuana: mwenye kampuni anamjua mwenye timu, walisoma pamoja, wanacheza gofu pamoja, baba wa dereva anauza bidhaa kwa wote wawili. Mchezo uliomzuia Scott mlangoni 1952 usingeweza, miaka 60 baadaye, kuwa na meza zilizojaa watu wanaomjua Bubba Wallace. Ubaguzi wa zamani haukuhitaji mtu yeyote wa leo kuwa mbaguzi ili uendelee kutoza riba.

Na kilichokuja kumpatia wadhamini kinachekesha kama hakiudhi. Juni 2020 alivaa fulana yenye maneno ya George Floyd, mweusi aliyeuawa na polisi, akaitaka NASCAR ipige marufuku bendera ya Majimbo ya Kusini, yale yaliyopigania utumwa vitani, na ikapigwa marufuku siku chache baadaye. Mwezi huohuo kilipatikana kitanzi, alama ya kunyongwa kwa weusi enzi za ubaguzi, kwenye gereji yake Talladega. FBI wakagundua kwamba ilikuwa kamba ya kushushia mlango, iliyokuwapo tangu Oktoba 2019, na watu wakamgeuka kana kwamba aliifunga yeye, ilhali si yeye aliyeiripoti. Katikati ya matusi hayo yote, simu za wadhamini zilianza kulia. DoorDash, Columbia na wengine wakaja. Septemba Michael Jordan na Denny Hamlin wakatangaza timu mpya na kumpa kiti. Miaka 17 ya kuendesha gari haikuwa imemletea kampuni kubwa ya kudumu. Wiki tatu za kuzungumza zilimletea kadhaa. Ushindi wake wa kwanza wa Kombe ulikuja Oktoba 2021, Talladega, kisha Kansas 2022, na mwaka 2025 akashinda Indianapolis.

Wasemao alipewa timu kwa sababu ya siasa wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo inawaumbua. Angekuwa na mdhamini wa msimu mzima mwaka 2015, kwenye Toyota ya Gibbs, hakuna siasa yoyote ingehitajika.

Ndiyo maana namtazama kwa makini Rajah Caruth. Huyu hakupanda hata kigari cha Bandolero. Alianza kwenye mbio za kompyuta nyumbani, ambako hakuna trela wala matairi ya kununua, akaingia Rev Racing kupitia mpango uleule. Msimu wa 2024 alipata pikapu ya timu ya Spire, na HendrickCars.com, kampuni ya magari ya Rick Hendrick, ikawa mdhamini wake mkuu. Machi mosi akashinda Las Vegas. Mei akapokea shahada yake Winston-Salem State, chuo kilicho kwenye mji uleule ambao Scott alirudishwa na gari lake. Mwaka uliofuata akashinda tena, Nashville. Swali lililobaki lilikuwa la daraja linalofuata: kama ushindi huo ungempandisha wenyewe, au angeambiwa kwanza alete boneti.